Mkono wa Wafula

Miezi minane Mwinyihaji hakusema na Wafula, na wote wawili walikuwa genge moja la makuli wa bandari pale Kipevu. Hebu fikiri kazi hiyo! Kumnunia mtu unayekutana naye siku ya Idi tu ni rahisi, hata mtoto aweza. Lakini kumnunia mtu ambaye asubuhi mnagongana mabega langoni, mchana mnachota maji pipa moja, na jioni mnatoka kwa mlango ule ule, hiyo yataka moyo mgumu. Mwinyihaji alikuwa nao. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mzaliwa wa Mtongwe, na sisi wafupi Mungu katupa kinyongo kirefu. Nasema sisi, kwa hiyo asinitukane mtu.

Na hapo kwanza walikuwa chanda na pete. Wafula alipofika kutoka bara, jitu refu la kuinama kila mlangoni, Mwinyihaji ndiye aliyempokea. Alimfundisha Kiswahili cha watu, akamfundisha kula samaki bila kukwamwa na mwiba, na zaidi ya yote akamfundisha kusalimu. Maana Wafula siku za mwanzo alikuwa anampita mzee wa watu huku akirusha "Jambo!" kwa kisogo, kama anamtupia mbwa mfupa. Mwinyihaji alimshika shati siku moja, akamwambia, "Wewe, hapa si kwenu. Mzee akikusalimu, simama. Geuka umtazame, weka mkono kifuani, ujibu mpaka salamu iishe. Asiyejibu salamu hapa hazikwi na watu." Wafula akacheka, lakini alishika. Baada ya mwaka mmoja wazee wa Changamwe walikuwa wakimsifu kuliko watoto wao.

Kilichowatenga ni mguu wa Kafedha, shemeji yake Mwinyihaji, kaka wa mkewe Khairiya.

Nieleze kidogo, wasije wasiojua kazi ya bandari wakapotea njiani. Mwendesha winchi haoni ndani ya ngama, lile tumbo la meli. Anachokiona ni mkono wa mtoa ishara, aliyesimama juu ukingoni. Mkono ukiwa juu, mzigo unasimama hewani. Mkono ukishuka, mzigo unashuka. Maneno hayana kazi hapo. Na walio chini wana sheria yao moja, wanayoishika kuliko sheria za serikali: mzigo ukiwa juu, chini pasiwe na mtu. Mtoa ishara wa genge lile alikuwa Wafula. Siku ya mguu huo mzigo ulikuwa saruji. Gunia lilipasuka, Kafedha akaingia katikati kuliondoa, Wafula akainua mkono, mzigo ukasimama juu yake. Kisha mkono ukashuka ilhali Kafedha bado yuko chini. Alijirusha, lakini mguu wa kushoto haukumfuata. Hospitali waliukata chini ya goti.

Mwinyihaji alikuwa mle mle ngamani, na alitazama juu. Alichokiona hakikumtoka machoni: Wafula kageuza uso. Mguu wa watu uko chini ya saruji, yeye anatazama pembeni! Walipoulizwa na wakubwa, Wafula alisema maneno mawili tu, "Kosa langu," akafunga kinywa. Akasimamishwa kazi mwezi mzima, akarudishwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na jicho kama lake. Mwinyihaji naye akakataa kushuka ngamani. Alipangiwa kazi ya juu gatini, ya kupanga magunia, na kila Wafula alipopita yeye alitazama baharini.

Sasa, mwaka wa sitini na moja, ikaja meli ya Australia na unga wa ngano. Ikapakuliwa vizuri, lakini siku ya kuondoka mashine ikavunjika chuma fulani, ikabidi wangoje chuma kingine kije kwa meli nyingine. Wiki tatu! Mabaharia walichoka kulala, wakachoka kunywa, ndipo serehangi wao, mkubwa wa mabaharia, Bwana Doili, mtu mwenye uso mwekundu kama kaa aliyechemshwa, akateremka gatini na mpira mkononi. Mpira wenyewe ulikuwa mrefu, umechongoka huku na huku, mfano wa papai. Akamwendea Musyoka, mnyapara wa genge, akamwambia kwao ndio mpira wanaocheza, na kama genge lina wanaume, Jumamosi wakutane kiwanja cha Changamwe karibu na nyumba za reli.

Musyoka kuambiwa "kama lina wanaume"! Alikubali kabla hajajua mpira unachezwaje.

Unachezwa hivi. Refa anaupiga mpira chini kwa nguvu, unaruka juu wima. Warefu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wanaurukia na kuupiga kwa kiganja uwaangukie wenzao. Walio chini wanaudaka, na kabla hawajasongwa wanautoa pale kwenye msongamano, kwa ngumi au kwa teke. Kurusha kwa mkono ni haramu. Kukimbia nao ruhusa, lakini kila hatua kadhaa uudundishe chini. Ukikabwa nao uuachie. Milingoti ni minne kila upande, na ukiupiga kati ya ile miwili ya ndani wapata sita kwa mpigo, ukipita pembeni yake moja tu. Kuparamiana hakuna kosa. Khairiya alipohadithiwa alisema, "Huo si mpira, huo ni ugomvi uliopewa saa."

Basi wakafanya mazoezi siku tatu, jioni, mabaharia wakiwafundisha. Na hapo ndipo ajabu ilipotokea. Bwana Doili alipiga mpira chini, ukapaa. Wafula akaruka, wallahi aliruka, mkono wake ukapita wa baharia kwa dhiraa nzima, akaupiga mpira chini kwa wenzake. Wenzake hawapo! Genge zima limetawanyika kama kunguru waliotupiwa jiwe, limesimama pembeni kwa duara zuri, nyuso juu, likingoja kitu kitue. Mabaharia wakauokota mpira kwa raha zao, wakaenda kufunga. Mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Bwana Doili akavua kofia akajikuna kichwa.

Utawalaumu? Watu miaka kumi wamefundishwa kwamba kitu kikiwa juu, chini pasiwe na mtu! Miguu ilikuwa inakimbia yenyewe. Musyoka alikuwa wa kwanza kung'amua, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. Alitazama walio pale mmoja mmoja, na jicho likamwangukia Mwinyihaji, mfupi, mwepesi, mwenye mikono isiyodondosha kitu.

"Wewe utakaa chini ya Wafula," akasema.

"Mimi?" Mwinyihaji akasema. "Mwambie mwingine."

Musyoka akamvuta kando. Hakuwa mkali, na hilo lilimtisha Mwinyihaji zaidi. "Sikiliza, ndugu yangu. Jumatatu inaingia meli ya saruji. Miezi minane nimekuficha gatini, na wakubwa sasa wanauliza kwa nini genge langu lina watu saba ngamani badala ya wanane. Jumatatu ushuke, chini ya mkono wa Wafula. Ukishindwa, uende ukatafute kazi kwingine, nami sitaweza kukusaidia. Sasa kama huwezi kusimama chini ya papai la ngozi, saruji utaiweza?"

Mwinyihaji alichukua shati lake akaenda zake. Alivuka kurudi Mtongwe na maneno hayo tumboni. Nyumba yake ilikuwa na watoto watatu, na ya Kafedha wawili, na tangu mguu ule ukatwe nyumba zote mbili zilikula kwa mikono yake. Kazi nyingine ya kubadili na ile ya bandarini hakuwa nayo. Lakini kila alipofumba macho aliona uso wa Wafula umegeuka. Aliogopa. Tuseme lilivyo: kinyongo kilikuwa kikubwa, lakini nyuma ya kinyongo palikuwa na woga, na aliuonea haya kuliko kitu chochote.

Jumamosi baada ya alasiri kiwanja kilijaa. Watu wa Changamwe na Mikindani wote walitaka kuona makuli wakipigana na Wazungu bila kukamatwa na polisi. Mzee Obeid, karani wa kuhesabu mizigo, mtu wa Likoni wa nyumba kongwe, alikuja na kanzu yake safi na kiti chake mwenyewe, akasalimiana na kila mtu hata refa. Na kati ya milingoti alisimama nani? Kafedha! Mchezo ule unataka mtu wa kupepea vibendera viwili mpira ukiingia, na Bwana Doili alimkuta kakaa bure na gongo lake, akampa kazi. Vibendera vilikuwa leso kuukuu ya Khairiya iliyokatwa vipande viwili. Kafedha aliegemea gongo, akapepea kwa madaha kama mwenye bandari.

Alipepea sana kipindi cha kwanza, na karibu mara zote ilikuwa kwa mabao ya mabaharia. Wafula aliruka, akashinda kila mruko, na kila mpira alioushinda uliangukia mikononi mwa wageni. Angani sisi, chini wao. Mwinyihaji alikuwa amewekwa pale chini, lakini mpira ulipopaa tu alirudi nyuma hatua tatu, nne, na wenzake wakamfuata. Watu wakaanza kuzomea. "Huyo mfupi anamwogopa nani? Mpira hauna meno!"

Wakati wa mapumziko, genge likila machungwa kivulini, Mwinyihaji alikwenda kukaa peke yake karibu na milingoti. Kafedha akamjia, gongo likizama mchangani.

"Shemeji," akasema, "mguu ulikuwa wa nani?"

"Wako."

"Alhamdulillahi, nilidhani nimesahau. Maana mwenye mguu keshasamehe, wewe mwenye miguu miwili ndiye bado unanuna. Yaliyopita si ndwele, bwana!"

"Aligeuza uso, Kafedha. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alikuwa anatazama nini?"

Mwinyihaji akachota mchanga, akaumwaga.

"Hujui," Kafedha akasema. "Hata mimi sijui. Alikuja hospitali akalia mpaka wauguzi wakamtoa, nikamwonea huruma, sikuuliza. Lakini wewe, miezi minane! Kuuliza si ujinga. Nenda kamuulize, au leo nitakupiga kwa gongo hili mbele ya watu."

Akaenda. Wafula alikuwa amekaa peke yake vile vile, ameinamisha kichwa, jasho likimchuruzika. Alipoona ni nani aliyesimama mbele yake alitaka kuinuka, akashindwa, akabaki amekaa.

"Siku ile," Mwinyihaji akasema. "Uligeuka. Ulikuwa unatazama nini?"

Wafula aliutazama mkono wake. "Nilisalimiwa," akasema.

"Nini?"

"Nilisalimiwa. Mzigo umesimama, winchi kimya, mkono wangu uko juu. Mzee Obeid akaja nyuma yangu na daftari lake. Akasema, 'Wafula mwanangu, hujambo?' Sasa mzee amenisalimu. Nikageuka nimtazame. Nikaweka mkono kifuani."

Na akaonyesha. Akainua mkono wake mrefu juu ya kichwa, kiganja wazi, kisha akaushusha taratibu mpaka kifuani, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Mwinyihaji akaufuata mkono ule kwa macho ukishuka, akaona alichokiona mwendesha winchi.

Akakaa chini bila kupenda. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka miwili nyuma, na mkono wake umeshika shati la mtu: simama, geuka, weka mkono kifuani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Mwinyihaji? Kwamba ni wewe?" Wafula akatikisa kichwa. "Si wewe. Wewe ulinifundisha utu, lakini hukuniambia nisimamishe kazi kusalimu. Na Mzee Obeid kila Ijumaa anampelekea Kafedha tende. Akijua salamu yake ilifanya nini, mzee yule atalala tena? Mkono ulikuwa wangu. Ndiyo maana nikasema kosa langu."

Mwinyihaji alifunika uso kwa viganja na akalia pale pale, mbele ya Wafula, mtu mzima na ndevu zake. Alilia kwa haya. Miezi minane alimpita mtu huyu akitazama baharini, na mtu huyu alikuwa amembebea mzigo wake kimya, wake na wa mzee wa watu.

"Niwie radhi," akasema.

"Nimekuwia."

"Ngumu kusema, lakini nitasema. Naogopa kukaa chini."

"Hata mimi naogopa kuwa juu," Wafula akasema. "Kila siku."

Refa akapiga filimbi. Mwinyihaji akajifuta uso kwa shati. "Usiupige mpira huo mbali," akasema. "Nionyeshe kwa mkono, kama kazini. Vidole nyuma ya kiuno, upande wa reli au upande wa bahari. Mimi nitatazama mkono."

Basi refa akaupiga mpira chini, ukapaa, na mwili wa Mwinyihaji ukataka kukimbia. Magoti yalikwisha kugeuka! Lakini macho yalikuwa kwenye mkono mmoja ulio nyuma ya kiuno cha Wafula, vidole viwili, upande wa reli. Akakaa. Wenzake wakatawanyika, yeye akakaa. Wafula akaruka, na safari hii hakuupiga kofi la hasira. Aliushusha tu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto, na mpira ukamkuta Mwinyihaji kifuani. Aliukumbatia, akapenya katikati ya miguu ya baharia mmoja mnene, akautoa kwa teke lililokwenda mbali kuliko alivyotarajia yeye mwenyewe. Kafedha akapepea leso mbili kwa pamoja, gongo likaanguka, naye nusura alifuate.

Genge lilipoona mtu amekaa chini ya kitu na hakufa, likapata moyo. Mruko wa pili walikaa watatu. Wa tatu walikaa wote. Na mpira ukiwaponyoka sasa hawakusimama kutazama, waliuandama. Baharia akiudaka, wawili wapo juu yake. Akiutoa kwa mwenzake, wawili wengine wapo kwa huyo mwenzake. Hawakumpa mtu nafasi ya kupumua wala ya kufikiri, na watu wabebao magunia kutwa hawachoki upesi. Bwana Doili mwenyewe alisongwa mpaka kona, akauachia mpira, akaketi mchangani akicheka na kukohoa.

Walishindwa, nisikudanganye. Walikuwa nyuma mno, na filimbi ililia wakiwa wamebakiza pointi saba kuwafikia wenzao. Lakini kipindi cha pili kilikuwa chao, na mabaharia ndio waliowabeba begani, Mwinyihaji wa kwanza, akipiga kelele ashushwe.

Jumatatu asubuhi meli ya saruji ilikuwa gatini. Musyoka alisimama juu ya ngazi ya ngama. Mwinyihaji akamtazama, akatazama shimo, akasema bismillahi, akashuka. Huko chini palinuka vumbi lile lile. Kazi ikaanza, mzigo ukashuka, ukafunguliwa, ukapanda mtupu, ukashuka mwingine.

Saa tatu hivi gunia likapasuka katikati pale pale mzigo unapotua. Mtu wa kuliondoa alikuwa Mwinyihaji, hakuna aliyekuwa karibu zaidi. Juu, Wafula akainua mkono, kiganja wazi. Winchi ikanyamaza. Mzigo ukasimama hewani, na Mwinyihaji akaingia chini yake.

Ndipo alipoisikia sauti, tulivu, ya mtu aliyelelewa, ikitoka nyuma ya Wafula.

"Sabalkheri, Wafula mwanangu. Hujambo?"

Mwinyihaji aliganda na gunia mikononi. Alitazama juu. Hakuutazama mzigo, aliutazama mkono. Mkono haukutikisika. Uso wa Wafula ulikuwa umeelekea chini, kwake, macho makavu, na mshipa wa shingo umesimama. Hakujibu.

"Wafula?" Mzee Obeid akasema tena, na sauti sasa ilikuwa na majonzi kidogo, ya mzee asiyezoea kunyimwa jibu. "Leo hunisikii, mwanangu?"

Mkono ule ule, juu, wazi. Jasho lilimtiririka Wafula mpaka kwenye kiwiko. Ndipo Mwinyihaji akajaza kifua hewa, akapaza sauti kutoka tumboni mwa meli hata ngama nzima ikaitika.

"Shikamoo, Mzee Obeid! Hiyo ni ya Wafula! Yangu inakuja mzigo ukitua!"

Mzee akachungulia ngamani. Kisha akacheka.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, wanangu. Nangoja."

Mwinyihaji alilivuta gunia mpaka ukutani, akajipangusa vumbi, akahakikisha miguu yake yote miwili iko pembeni. Ndipo akamwinulia Wafula kidole gumba, na mkono ukaanza kushuka.